Kuzuru Makavazi ya Kilifi: Jifunze Kusoma Kuta, Kadi na Vyombo vya Nyumbani

Matatu za Mombasa na Malindi hupita njia panda ya Watamu kuanzia alfajiri hadi usiku. Abiria hushuka Gede kwenda sokoni, shuleni au kazini hotelini, na mwendo mfupi kutoka hapo, nyuma ya miti mikubwa, upo mji wa mawe uliohamwa takriban miaka 400 iliyopita. Wakazi wengi wa kaunti hii wameuingia mara moja tu maishani, wakiwa wanafunzi wa shule ya msingi, kwa foleni, wakiharakishwa warudi kwenye basi. Ukiwauliza wanakumbuka nini, watakutajia kima waliowanyang'anya mkate.

Kuna mengi zaidi ya kima. Ndani ya kaunti hii moja mna magofu ya Gede, Mnarani na Jumba la Mtwana, makavazi ya Malindi na Rabai, na sehemu kubwa ya misitu ya kaya za Mijikenda. Misitu kumi ya kaya za Kilifi na Kwale iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Gede ilifuata Julai 2024.

Somo hili ni la mkazi anayetaka kurudi huko akiwa mtu mzima, pengine na watoto wake, na aone alichokikosa mara ya kwanza. Linahusu namna ya kutazama na namna ya kuuliza. Pia linahusu vitu vilivyo nyumbani kwake, kwa sababu sehemu kubwa ya urithi wa Kilifi haimo ndani ya jengo lolote la makavazi, na baadhi yake imekwisha kuibwa.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Watu huuliza kwa nini kaunti haipunguzi ada ya kuingia Gede. Jibu liko katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Makavazi na shughuli za utamaduni za mashinani zimo katika majukumu ya kaunti, lakini majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa yameachiwa serikali kuu. Gede, Mnarani, Jumba la Mtwana, Malindi na Rabai vinasimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ambayo ndiyo huweka viwango vya malipo. Mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni kutoka nje ya nchi, na mtoto hulipa kidogo kuliko mtu mzima. Kwa hivyo beba kitambulisho, hakikisha simu ina pesa za kulipia, na uulize ada ya sasa kabla ya kufunga safari na watoto wanne.

Nenda asubuhi. Vaa viatu vilivyofungwa, kwa maana mizizi na mawe ya Gede hayana huruma na ndala. Beba maji. Chakula kiache kwenye mkoba uliofungwa, kwa sababu ya wale kima.

Halafu mchukue mwelekezi. Wapo wanaoona hiyo ni gharama ya watalii. Lakini mwelekezi aliyekulia kijiji cha jirani anajua ni mzee yupi alisimulia nini na ukuta upi ulianguka mvua ya mwaka gani, na mambo hayo hayajaandikwa kwenye kibao chochote. Ukizungumza naye kwa Kiswahili au Kigiriama atakuambia mambo ambayo hamwambii mgeni wa saa moja.

Gede: anza na upana wa chumba

Ukishaingia ndani ya ukuta wa mji, usikimbilie ikulu. Simama katika chumba chochote cha nyumba ya mawe, kisha kipime kwa hatua. Utaona kwamba chumba kinaweza kuwa kirefu sana, lakini upana wake haupiti sana hatua tatu au nne za mtu mzima. Ingia chumba kingine, na nyumba nyingine, upime tena. Upana ni ule ule.

Sababu yake ni boriti. Dari za nyumba hizi zilikuwa bapa, za mawe na chokaa, zikibebwa na boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mti wa mkoko hauzidi urefu fulani, na ukiulazimisha kuvuka nafasi pana utapinda chini ya uzito wa dari. Fundi alikuwa huru kukirefusha chumba apendavyo, lakini upana uliamuliwa na msitu wa ufukweni. Mtoto akielewa hilo peke yake, amejifunza somo zima la ujenzi, mazingira na biashara, kwa sababu boriti hizo hizo ndizo majahazi yalizobeba kwenda Uarabuni, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu.

Kuta zenyewe ni za mawe ya matumbawe, yaliyounganishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Fundi yeyote wa Watamu au Malindi anayejengea mawe ya kuchimba anaijua kazi hii. Mwambie aende akaone jinsi pembe za milango zilivyonyooshwa na jinsi tao zilivyosimama bila nondo wala saruji.

Sasa tafuta vyoo. Watoto hucheka, lakini vyoo ni ushahidi mzuri kuliko taji la mfalme. Nyumba za matajiri wa Gede zilikuwa na vyoo vya shimo ndani, na mahali pa kutawazia kando yake. Tafuta pia chumba cha nyuma kisicho na mlango. Kiliingiwa kupitia tundu lililo juu ukutani, na inadhaniwa ndicho kilichokuwa ghala la vitu vya thamani. Mwenye nyumba hakumwamini kila mtu.

Msikiti Mkuu hauko mbali na hapo. Mlango wake wa mashariki una mkuki mpana uliochongwa juu yake. Kwa miaka mingi kumekuwa na mazoea ya kusema kwamba magofu haya ni historia ya Waarabu na haituhusu. Mtu mwenye fikra hiyo na asimame chini ya mkuki ule kwa dakika chache. Kisha aende kwenye jengo la makavazi palepale Gede atazame vyungu. Vyombo vya kauri kutoka China na vya rangi ya kung'aa kutoka Uajemi ndivyo vinavyopewa mwanga na kabati la kioo, lakini vigae vingi zaidi vilivyochimbuliwa Gede ni vya udongo wa hapa, vilivyofinyangwa na kuchomwa hapa. Hao ndio waliokuwa wakipika.

Tena kuna wale ambao hawaonekani kabisa. Mji wa Gede ulienea takriban ekari 45 ndani ya ukuta wa nje, na nyumba za mawe zimekusanyika katika sehemu moja tu ya eneo hilo. Kwingineko kulikuwa na nyumba za udongo na makuti, ambazo zimekwisha kurudi ardhini. Unapotembea kwenye njia tupu kati ya gofu moja na jingine, usidhani unapita uwanjani. Unapita mtaani kwa watu.

Jina la nyumba na jina la mwenyewe

Vibao vya Gede vina majina ya kupendeza: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Ushanga wa Venisi, Nyumba ya Bakuli la Kauri. Majina hayo hayakutolewa na wenyeji wa mji. Yalitolewa na wachimbuaji, chini ya mwanaakiolojia James Kirkman aliyeanza kazi hapo mwaka 1948, na nyumba nyingi zilipewa jina la kitu kilichookotwa ndani yake. Ni kana kwamba mtu atakuja Kilifi miaka 400 ijayo, akute chaja ya simu chini ya vifusi, na nyumba ya ukoo wako aiite Nyumba ya Chaja.

Wachimbuaji hawana lawama hapo, kwani walihitaji majina. Lakini msomaji wa vibao anapaswa kujua kibao kinasema nini na kinanyamaza wapi. Kadi ya maelezo katika makavazi yoyote duniani hujaribu kujibu maswali manne. Hiki ni kitu gani? Kimetoka wapi? Kilikuwa cha nani? Kimefikaje hapa? Maswali mawili ya mwanzo karibu kila mara yana jibu, na mawili ya mwisho mara nyingi hayana. Mpe kila mtoto daftari na umwambie ahesabu. Atashangaa, na huenda mzazi akashangaa zaidi.

Kuna swali jingine ambalo mwelekezi mzuri hulifurahia: mnajuaje? Chukua Kaburi la Tarehe, lililo karibu na lango la mji. Limechongwa mwaka 802 wa Hijria, ambao ni sawa na 1399 Miladia. Hapo jibu la "mnajuaje" ni jiwe lenyewe. Sasa uliza kwa nini watu wa Gede waliondoka. Utaambiwa kuhusu visima vilivyokauka, na mwelekezi atakuonyesha kisima kirefu kilicho kando ya Msikiti Mkuu. Utaambiwa kuhusu Wazimba, waliopita pwani hii wakiteketeza miji mwaka 1589. Utaambiwa kwamba Wareno na mtawala wa Malindi walihamia Mombasa mwishoni mwa karne ya 16, na biashara ikawafuata. Utaambiwa kuhusu Waoromo waliokuwa wakisonga kutoka kaskazini. Hizo ni hoja, kila moja na uzito wake, na hakuna jiwe lililochongwa jibu. Mgeni anayeondoka Gede akiwa na sababu moja tu ya kuhamwa kwa mji ameondoka na pungufu.

Malindi na Rabai: nani aliandika kadi?

Malindi ina nguzo inayopigwa picha kuliko kitu kingine chochote cha kale katika kaunti hii. Wengi huamini kwamba yote ilisimamishwa na Vasco da Gama, aliyefika Malindi Aprili 1498. Ukweli ni kwamba kitu cha Kireno hapo ni msalaba ulio juu, uliochongwa kwa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Mnara mweupe unaoubeba ulijengwa karne ya 19 ili usianguke baharini. Huo ni mfano mzuri wa jinsi jicho linavyoweza kuona kitu kimoja mahali palipo na viwili.

Swali la nani liliulizwe pia. Kutoka Malindi, Wareno walipewa rubani aliyewavusha hadi Calicut, India, walikofika Mei mwaka huo. Bila yeye safari ile ingekuwa hadithi nyingine. Kwa muda mrefu vitabu vilimtaja kuwa Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Kiarabu. Wanahistoria wengi wa leo wanalikataa jina hilo. Kwa hiyo mtu mmoja ana nguzo, na aliyemwonyesha njia hana hata jina la uhakika. Na Malindi haikuanza siku ile: mwaka 1415, miaka 83 kabla ya Wareno, mji huu ulikuwa umempelekea mfalme wa China twiga kama zawadi.

Makavazi ya Rabai yanasimulia habari za wamishonari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, waliojenga kituo chao hapo mwaka 1846. Ni habari kubwa. Krapf alikusanya kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa 1882, baada ya kufa kwake, na wataalamu wa lugha huitumia hadi leo. Rebmann aliishi pwani hii takriban miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Vitabu vya zamani husema kwamba mwaka 1848 aliugundua mlima Kilimanjaro. Hapo ndipo mzazi anapoweza kumgeukia mtoto na kumuuliza: aliugunduaje mlima ambao Wachaga walikuwa wakiuona kila asubuhi? Msafara wake uliongozwa na mtu wa pwani aitwaye Bwana Kheri, aliyeijua njia ile tayari. Na kamusi ya Krapf, je, maneno yale alifundishwa na nani? Kila neno lilitoka kinywani mwa mtu aliyekaa naye na kumweleza, pengine mara tatu, hadi akaelewa.

Kuuliza hivyo hakumpunguzii Krapf chochote. Kunawarudisha wenyeji ndani ya chumba walichokuwamo.

Mnarani na Jumba la Mtwana ni madogo kuliko Gede na yanaweza kumalizwa kwa saa moja na nusu. Mnarani iko juu ya mkono wa bahari, upande wa kusini wa daraja la Kilifi, na kwa familia yenye wazee hapo panafaa kwa sababu ya kivuli, upepo na mandhari. Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, lina msikiti uliojengwa ufukweni kabisa, na pia nyumba yenye milango mingi ambayo wataalamu wamedhani ilikuwa ya wageni wa kulipa, kwa jinsi vyumba vyake vilivyotengwa. Huko nako uliza: mnajuaje?

Kaya haina dirisha la tiketi

Baadhi ya wakazi, hasa vijana wenye simu nzuri, huingia kaya kama wanavyoingia Gede. Hilo si sahihi. Kaya ni mahali pa ibada na pa makaburi, na wenyewe wapo. Ndani ya msitu kuna mabaki ya kijiji cha zamani kilichozungushiwa boma, na mahali palipozikwa fingo, kinga ya jamii. Anayetaka kuingia huanza kwa wazee wa kaya, anaeleza anachotaka, na anafuata atakachoambiwa kuhusu mavazi, viatu, njia na picha. Akiambiwa asipite mti fulani, hapiti. Akiambiwa leo haifai, anarudi nyumbani.

Anayedhani hayo ni ya kale na hayana uzito na akumbuke mwaka 1914. Mekatilili wa Menza alipowaongoza Wagiriama kukataa kodi na kazi za lazima mwaka 1913, Waingereza hawakutosheka kumkamata na kumpeleka Kisii. Agosti 1914 waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Serikali haipotezi baruti kwa mahali pasipo na nguvu.

Vigango vilivyovuka bahari

Kuna aina moja ya urithi wa Kilifi ambayo kwa muda mrefu ilikuwa rahisi kuiona Marekani kuliko hapa.

Kigango ni nguzo ya mti mgumu iliyochongwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima na mali miongoni mwa Wagiriama na jamii jirani. Kina kichwa, mara nyingine cha duara, na kiwiliwili kilichojaa nakshi za pembetatu. Husimamishwa pale marehemu anapodai, aghalabu kwa kumtokea mtu wa ukoo ndotoni. Kikishasimama hakihamishwi. Hata ukoo ukihama kwenda kutafuta shamba jipya, kigango hubaki pale pale, mvua na mchwa wakifanya kazi yao. Kuoza kwake ni sehemu ya mpango.

Utaratibu huo wa heshima ndio uliotumiwa na wezi. Nguzo zilizosimama peke yake kwenye mahame ziling'olewa usiku na vijana waliohitaji pesa kidogo, zikauzwa kwa wafanyabiashara wa vinyago, na kutoka hapo zikaingia soko la sanaa la ng'ambo. Hatimaye mamia ya vigango yalikuwa katika nyumba za matajiri na makavazi ya Marekani, yakiwa na kadi fupi: nguzo ya ukumbusho, Kenya. Swali la "kilikuwa cha nani" halikujibiwa. La "kimefikaje hapa" halikuulizwa.

Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake marehemu. Aliporudi baada ya miezi michache kumpa mzee picha yake, alikuta familia imeibiwa vyote viwili. Miaka kumi na minne baadaye, mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu Marekani, mwenzake Linda Giles alikuwa akionyesha picha za vigango vilivyokuwa katika makavazi ya huko. Udvardy akakitambua kimoja. Kilikuwa Illinois. Cha pili kilipatikana katika makavazi ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Wakati huo mzee aliyevisimamisha alikuwa ameshafariki. Vigango vyote viwili vilirudishwa Kenya katika miaka ya 2006 na 2007.

Sasa linganisha na vigango 30 vya makavazi ya Denver. Mwaka 2014 makavazi hayo yalikubali kwamba hayana haki navyo. Vilichukua hadi 2019 kufika nchini, baada ya mvutano mrefu kuhusu ushuru na gharama za kuvisafirisha. Vilifika, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini haikujulikana vilitoka boma gani wala vilisimamishwa kwa ajili ya nani. Havikuwa na mlango wa kurudi. Vile viwili vya mwanzo vilirudi kwa sababu ya kipande kimoja cha karatasi ya picha, kilichokuwa na mahali, mwaka na jina la mwenyewe.

Kazi ya nyumbani

Hapo ndipo somo la kadi ya maelezo linapoondoka makavazini na kwenda kwa mkazi. Karibu kila boma la Kilifi lina kitu: kinu, kigoda, mbuzi ya kukunia nazi iliyochongwa kwa mkono, hando la nyanya, kayamba, shanga, mlango wa zamani, barua, picha ya harusi ya miaka ya 60. Kitu hicho hakihitaji kupelekwa popote. Kinahitaji kupigwa picha mchana, mbele na nyuma, na karibu na kipimo kinachojulikana kama rula. Kisha kiandikiwe yale majibu manne, kwa maneno ya mzee aliyepo. Rekodi sauti yake kwa simu ikiwa hapendi kuandikiwa. Uliza pia vitu vinavyoonekana vya kijinga, mfano ni mti gani huu, au kwa nini ufa huu ulizibwa kwa nta. Mara nyingi huko ndiko habari ilikojificha.

Kama ni kigango, koma au kitu chochote cha ibada, pata idhini ya ukoo kabla ya picha, na usiweke picha hiyo kwenye mitandao pamoja na jina la kijiji. Mwizi naye ana simu.

Shambani kuna utaratibu mwingine. Mkulima wa pwani akichimba msingi au kisima anaweza kukuta kuta za matumbawe, vigae vyenye rangi, shanga au sarafu. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku saba, akieleza mahali hasa na jinsi alivyokipata. Pia ni kosa kusafirisha kitu cha kale nje ya nchi bila kibali. Wengi huficha wakihofia shamba litachukuliwa, na hofu hiyo ndiyo mtaji wa madalali. Hatua ya kwanza ni rahisi: acha kuchimba, piga picha kabla ya kutoa chochote, na ufike makavazi yaliyo karibu nawe, iwe Gede, Malindi au Rabai. Ukiona mbali, anza kwa chifu au msimamizi wa wadi akusaidie kufikisha taarifa. Kigae kilichookotwa na kuoshwa na kupewa watoto wachezee kimeshapoteza nusu ya habari yake, kwa sababu mtaalamu husoma udongo kilimolala kama anavyosoma kigae chenyewe.

Walimu wanaofundisha mtaala wa umilisi wanaweza kuigeuza kazi hii kuwa zoezi la muhula. Kila mwanafunzi alete kadi moja, bila kitu chenyewe, kwani kinu cha nyanya hakina kazi shuleni. Mfano wa kadi inayotosha ni huu:

Kitu: kinu cha mti wa mwembe, kimo sentimita 60, kina ufa upande mmoja uliofungwa kwa waya.
Kimetoka wapi: kimechongwa Ganze, kutokana na mwembe ulioanguka karibu na kisima.
Cha nani: cha nyanya mzaa mama, alipewa na mamake alipoolewa.
Kimefikaje hapa: alikuja nacho Kilifi mjini mwaka 1987 akiwa amekibeba kichwani hadi barabarani, kwa sababu utingo alikataa kwenda kukichukua nyumbani.
Aliyesimulia: yeye mwenyewe. Aliyeandika: mjukuu, darasa la saba. Tarehe.

Nakala moja ibaki kwenye bahasha ya hati za nyumbani, pamoja na picha, na nyingine kwenye simu ya mtu wa pili wa ukoo.